Vitini vya usaili wa meneja ajira vinavyouzwa Mbeya na Iringa: kinachofaa na kinachopotosha

Kwenye steshenari za Mwanjelwa na Kabwe, na zile zilizo jirani na vyuo vya Iringa mjini, vitini vya maswali ya usaili vinauzwa pamoja na mitihani ya miaka iliyopita. Kuna cha walimu, cha watendaji wa kijiji, cha madereva, na kuna cha meneja rasilimali watu na ajira. Ni kopi zilizobanwa kwa waya, au faili unalotumiwa WhatsApp ukishalipa kwa simu. Tathmini hii inahusu hicho cha meneja ajira, kwa faida ya mtu anayetafuta kazi ya kusimamia uajiri kwenye kampuni binafsi za nyanda za juu kusini: chai ya Mufindi na Rungwe, parachichi za Njombe, mpunga wa Mbarali, kahawa ya Mbozi, viwanda vya Iyunga, benki na mashirika yenye ofisi Mbeya mjini.

Kununua si kosa, bei yake ni ya kutoa kopi tu. Tatizo ni kukitegemea. Kitini kinakuandaa ujibu kama mwombaji wa kazi yoyote, wakati kwenye nafasi hii jopo linataka kumwona mtu atakayekaa upande wa pili wa meza na kuchagua wengine. Wengi wanaoshindwa usaili huu wanajua kuongea vizuri. Wanaanguka pale wanapoulizwa hesabu, sheria, au namna ya kumkatalia mkuu wa idara.

Sura za mwanzo ni nzuri. Zinafundisha kujitambulisha kwa dakika mbili bila kusimulia maisha tangu darasa la kwanza, na zinafundisha mpangilio wa hali, jukumu, hatua na matokeo kwa maswali ya "tueleze wakati fulani ambapo…". Mpangilio huo ushike, lakini majibu yaliyoandikwa chini yake yaache humo humo. Wasaili wa Mbeya nao wanapita steshenari hizo hizo. Watu watano wakiingia kwa zamu na wote wakasema udhaifu wao ni kupenda kila kitu kiwe kamili, wa sita hahitaji hata kumaliza sentensi. Na kwenye matokeo, kitini kinaridhika na "tulifanikiwa kupata wafanyakazi bora". Kwa meneja ajira hilo si jibu. Taja nafasi zilikuwa ngapi, zilijazwa kwa siku ngapi, na baada ya mwaka mmoja wangapi walikuwa bado kazini.

Sura ya sheria ndiyo ya kuogopa. Sehemu kubwa imechotwa kutoka nchi nyingine bila kusomwa. Utakuta likizo ya mwaka ya siku 21 na likizo ya baba ya wiki mbili, ambayo ni mambo ya Kenya. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, sikukuu zinazoangukia humo zikiwa zimehesabiwa, likizo ya uzazi siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kwa baba angalau siku 3. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Mwombaji wa nafasi ya meneja anayetaja siku 21 mbele ya mwanasheria wa kampuni amejimaliza mwenyewe.

Kosa la pili ni kudai kuwa kipindi cha majaribio ni miezi mitatu "kisheria". Mitatu au sita ni makubaliano ya mkataba. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka muda uwe wa kuridhisha na usizidi miezi 12. Jopo hupenda kuendelea: je, aliye kwenye majaribio anaweza kuondolewa siku yoyote? Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kutumia vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali, lakini notisi ni haki yake, na malalamiko ya ubaguzi hayana sharti la miezi 6. Anayejibu mpaka hapo anaonekana ameshika kazi.

Kosa la tatu ni mikataba. Kitini kinashauri kila mtu apewe mkataba wa mwaka mmoja mmoja "ili kampuni isifungwe". Sheria ya 2004 ilielekeza mikataba ya muda maalumu kwa wanataaluma na kada ya uongozi, na kanuni za mwaka 2017 zikasema isipungue miezi 12. Kwa vibarua wa msimu, jambo la kulijua vizuri ni mkataba wa kazi mahususi, yaani unaoisha kazi hiyo inapoisha. Sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo chukua toleo jipya la Sheria hiyo ya Ajira (Sura ya 366 ya sheria za nchi), usome mwenyewe, ukaseme umesoma toleo gani. Vitini vingine vimejaza pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma na OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi wa serikali. Hayo ni ya anayeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, na hata huko upimaji umeshahamia kwenye mfumo mpya wa PEPMIS. Kwa kiwanda cha chai ni kurasa za kuruka.

Sasa hesabu, ambazo kitini hakina kabisa, na ndizo zinazotenganisha meneja na afisa. Swali linakuja hivi: "Tunahitaji wasimamizi wa shamba 12 wawe kazini tarehe 1 Desemba, kabla mvua hazijashika. Tupangie." Anza nyuma uje mbele. Tuseme rekodi za kampuni zinaonyesha katika kila watu wanne wanaopewa ofa, mmoja anakataa. Basi ofa ni 16. Kama katika wasailiwa watatu anapatikana mmoja wa kupewa ofa, utasaili 48. Kama katika maombi matano moja ndilo linafaa kuitwa, unahitaji maombi 240. Usaili wa dakika 45 na dakika 15 za kujaza alama ni saa moja kwa kila mtu. Kwa wasailiwa sita kwa siku, jopo linakaa siku 8 nzima.

Halafu tarehe. Mtu aliye kazini kwa mshahara wa mwezi anadaiwa notisi ya siku 28, hivyo ofa zote ziwe zimesainiwa mwisho wa Oktoba. Mpe mtu wiki moja ya kuamua: ofa zitoke tarehe 24 hivi. Wiki moja kabla ya hapo ni ya vyeti na wadhamini. Wiki mbili kabla ya hiyo ni za usaili, na humo iko tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, ambayo watu huisahau kisha jopo linakosa siku. Wiki moja ya kuchuja maombi 240, wiki mbili za tangazo kukaa wazi. Umefika katikati ya Septemba. Kama idhini ya bajeti inachukua wiki mbili, barua ya idara kuomba nafasi hizo ilitakiwa iwe mezani mwishoni mwa Agosti. Ukimaliza mpango wako kwa kusema "kwa hiyo nikipewa kazi hii Oktoba nitawaambia ukweli kwamba 1 Desemba haiwezekani kwa wote 12, na nitapendekeza sita wapandishwe kutoka ndani", jopo litaweka kalamu chini na kukusikiliza.

Pia jua kwa nini ni kabla ya mvua. Novemba na Desemba watu wengi wa huku wanarudi kwenye mashamba yao kupanda mahindi, wakati huo huo chai inaanza kutoa majani mengi na Mufindi miche ya miti inataka kupandwa. Meneja ajira anayepanga mwaka wake bila kutazama kalenda ya kilimo ataitisha vibarua pale ambapo hawapo.

Vipimo vingine vya kujiandaa navyo ni vitatu vinne tu. Siku za kujaza nafasi: tangu idhini ilipotoka mpaka ofa iliposainiwa, ukianza kuhesabu siku ya tangazo unaficha ucheleweshaji wa ndani. Gharama kwa kila aliyeajiriwa: jumla ya fedha ukigawa kwa idadi. Shilingi 6,000,000 kwa watu 12 ni 500,000 kila mmoja, na kosa la kawaida ni kuhesabu tangazo na nauli huku saa za jopo zikiachwa, wakati mara nyingi ndizo ghali zaidi. Wanaoondoka ndani ya siku 90: watatu kati ya 12 ni asilimia 25. Hapo swali la papo kwa papo ni "kwa nini?" Jibu la haraka la watu ni mshahara. Kwa mashamba ya huku, chunguza kwanza tangazo lilisema nini. Aliyetoka Dar es Salaam au Morogoro akiambiwa "Iringa", akajikuta mbali kabisa na mji wa Mafinga, kwenye nyumba ya kushirikiana, katika baridi ya Juni na Julai, hakudanganywa mshahara. Hakuambiwa mahali. Dawa yake ni kumweleza nyumba, umbali, shule, maji na hali ya hewa kabla ya kusaini, na ikiwezekana usaili wa mwisho ufanyike shambani kwenyewe.

Maswali ya matukio kitini kinayo mawili matatu, tena mepesi. Yanayoulizwa kweli ni mazito zaidi. La kwanza: mkuu wa uzalishaji anakwambia, "Nataka mwanaume, asizidi miaka 30, na kama ni mwanamke asiwe na mtoto mdogo." Kitini kinakuelekeza "kuheshimu matakwa ya idara". Hapana. Jinsia, umri, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia vimo kwenye orodha ya misingi ya ubaguzi inayokatazwa, na katazo hilo linamgusa mtu tangu anapoomba kazi. Jibu linalofaa ni kumwuliza mkuu huyo kazi yenyewe inadai nini. Akisema ni zamu ya usiku na kubeba magunia, tangazo liandikwe zamu ya usiku na uzito wa gunia, na wote wapimwe kwa hilo. Umemsaidia kupata mtu anayeweza kazi, na umeikinga kampuni isiitwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Sababu hiyo hiyo inayaua maswali ambayo vitini vingine, jambo la kusikitisha, vinayaorodhesha kama ya kumwuliza msailiwa: umeolewa, una mpango wa kuzaa lini, wewe ni kabila gani, unasali wapi.

La pili ni la huku hasa. Mtendaji wa kijiji kinachopakana na shamba anakuletea orodha ya vijana 20 na kusema kijiji kilikubaliana na kampuni. Ukikataa kavu kavu, ujirani unaharibika. Ukikubali orodha, umemkabidhi mtendaji kazi yako, na vijana wasio na ndugu serikalini wanabaki nje. Majibu yanayopita ni haya: omba kuona makubaliano yameandikwaje, peleka tangazo kwenye mbao za vijiji vyote vya jirani na kwenye mkutano, andikisha kila anayekuja hadharani, na jaribio liwe moja, la vitendo, alama zikibandikwa. Wale 20 waje kama wengine. Na mahali mtu anapotoka nako kumo kwenye misingi ile ile ya ubaguzi, kwa hiyo tahadhari na sharti la "wazawa tu".

La tatu: "Tuna wafanyakazi 400. Wenye ulemavu tuwe na wangapi?" Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka asilimia 3 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Ni 12. Ukiitaja namba ongeza na njia: ni kazi gani za mizani, ghala, karani au kitalu zinaweza kuanza, na mlango wa ofisi unapitika vipi.

La nne linahusu wale 240. Waliochukuliwa ni 12. Wasifu wa 228 unaufanyia nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeifanya tabia ya kurushiana wasifu kwenye makundi ya WhatsApp kuwa jambo la kuwajibishwa. Sema utatunza wapi, nani atafungua, kwa muda gani, na kwamba mwombaji ataambiwa hayo kwenye tangazo. Na sema watapewa majibu. Mtu aliyelipa nauli kutoka Kyela au Makete kuja kusailiwa Mbeya anastahili ujumbe mfupi wa simu hata kama amekosa.

Usaili wa nafasi hii karibu kila mara una jaribio la vitendo, na kitini hakisemi lolote. Tarajia mojawapo kati ya hizi: kuandika tangazo kwa Kiswahili na Kiingereza, kuchuja wasifu kumi kwa nusu saa, kusafisha orodha kwenye Excel, au kutengeneza karatasi ya alama. Hiyo ya mwisho jizoeze mpaka uiandike bila kutazama. Vigezo visizidi vitano, kila kimoja alama 1 mpaka 5, na muhimu kuliko yote, andika alama 1, 3 na 5 zinafananaje. Mfano wa msimamizi wa wachumaji chai akiulizwa siku ambayo gengi (kundi) lake halikufikisha kilo zilizopangwa: aliyesema "niliwagombeza" ni 1, aliyepita mstari kwa mstari akakumbushia viwango ni 3, aliyechukua uzito wa kila mtu, akagundua majani yamepita umri wa kuchumwa au mizani iko mbali, akarekebisha na kilo za kesho yake zikapanda, ni 5. Kila msaili ajaze peke yake kabla ya mjadala. Bosi akitangulia kusema "huyu nimempenda", karatasi za wengine zote zitafuata.

Kwenye kuchuja, mitego inayowekwa inajulikana: jina la cheti cha kidato cha nne halilingani na la shahada, miaka miwili haina maelezo, mdhamini ana anwani moja na mwombaji. Jina kutolingana si sababu ya kutupa wasifu. Omba hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, hakiki matokeo kwa Baraza la Mitihani (NECTA), na shahada ya nje itake utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kampuni yenye wataalamu wa kigeni itauliza pia vibali: cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya 2015, cha ukaazi kinatoka Uhamiaji, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa Mtanzania kurithi nafasi ile.

Baadhi ya wanaouza vitini wanauza pia usaili wa majaribio. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili. Kuna watu wangapi mezani, na ukimaliza unapewa karatasi ya alama yenye maelezo? Kama ni mtu mmoja anayekusomea maswali ya kitini kile kile, tafuta afisa rasilimali watu na mwanasheria, wakuketishe saa moja, ujirekodi kwa simu. Jizoeze na kwa video, maana makampuni mengi ya huku makao yake yako Dar es Salaam na hatua ya kwanza hufanyika kwa Zoom. Simu iwe na chaji na bando pembeni, umeme ukikatika uhame bila kupoteza jopo.

Sura ya "maswali ya kuwauliza wasaili" ina maswali ya heshima yasiyo na faida. Badala yake uliza: nafasi zilizo wazi leo ni ngapi na ya zamani zaidi ina miezi mingapi, nani anasaini ofa ya mwisho, aliyekuwa kwenye kiti hiki yuko wapi sasa. Majibu ya haya matatu yatakuonyesha kama utapewa mamlaka au utapewa lawama.

Kuhusu mshahara, kitini kinasema usitaje kiasi. Kwa meneja ajira ushauri huo unakuumbua, kwa sababu kujadili ofa ni sehemu ya kazi unayoomba. Taja kiwango cha chini na cha juu kabla ya makato, na useme wazi kuwa ni kabla ya makato, maana baada ya hapo kuna kodi ya mapato na mchango wa NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 kutoka kwako na 10 kutoka kwa mwajiri. Kama kituo ni shambani, nyumba, usafiri wa kwenda mjini na posho ya kuhamia viingie kwenye mazungumzo siku hiyo hiyo, kisha uombe vyote viandikwe kwenye barua ya ofa kabla hujapeleka notisi unakotoka.